Godoro la Saa Nane

Wenzake walimwita Kiulizo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Katika mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya biashara alimuuliza mhadhiri wa fedha maswali kumi na moja ndani ya kipindi kimoja, mpaka mhadhiri akaweka kalamu ya ubao chini na kusema, "Binti, waachie na wenzako hewa." Tangu siku hiyo hata wahudumu wa maktaba hawakumjua kwa jina jingine.

Muhula wa mwisho ulikuwa wa kozi za kuchagua. Mihula mitatu walikuwa wamelishwa masomo ya lazima kama watoto wanaolishwa uji, mdomo wazi, meza, mdomo wazi, meza. Sasa kila mtu angejipakulia mwenyewe. Usajili wa mtandaoni ulifunguliwa saa mbili asubuhi, na mpaka Kiulizo anapata mtandao uliotulia, kwenye ngazi za nyumba alimopanga na dada yake, vilivyonona vilikuwa vimeshaliwa. Alipata Majadiliano, akapata Tabia za Wateja, akapata Takwimu za Soko. Nafasi ya nne ilibakiwa na kozi moja tu yenye viti vingi: Biashara za Familia, Jumatatu asubuhi.

"Duka lisilo na foleni lina sababu," alimwambia dada yake, ambaye alikuwa muuguzi na wakati huo alikuwa anavua viatu baada ya zamu.

"Au lina bidhaa ambayo watu wanaiogopa," dada alisema. "Jisajili ukalale."

Mhadhiri wa kozi hiyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutangaza mpira redioni. Siku ya kwanza hakugawa mpango wa masomo. Aliegemea meza akawaangalia wanafunzi wake kumi na wanne.

"Kila biashara ya familia," alisema, "ina mtu mmoja mwenye neno la mwisho ambaye hayumo kwenye chati ya uongozi. Anaweza kuwa bibi aliyeko kitandani. Anaweza kuwa shemeji. Nimewahi kumkuta ni dereva. Kazi yenu ya muhula mzima ni kwenda kwenye kampuni mtakayopangiwa na kumtafuta mtu huyo. Msinirudie bila yeye."

Darasa likacheka. Wakapangwa wawili wawili. Kiulizo akaangukia kwa Slaidi, kijana aliyevaa tai hata Jumamosi na aliyeamini kwamba hakuna jambo duniani lisiloenea kwenye slaidi kumi na mbili. Wakapewa kiwanda cha magodoro.

Kiwanda kilikuwa nyuma ya barabara ya magari ya mizigo, jengo refu la mabati lenye ofisi ghorofani. Jambo la kwanza alilolisikia Kiulizo pale ni kwamba hakusikia kitu. Pande zote mbili za njia mabonge ya sponji yalipangwa mpaka darini, meupe, makubwa kama vyumba, na sauti zilipoingia kati yake hazikutoka. Slaidi alipiga chafya, na chafya ikafia puani mwake. Wafanyakazi walizungumza kwa kukaribiana nyuso. Mashine ya kukatia, yenye kisu kirefu cha ulalo, ilipita ndani ya bonge kama mtu anayefungua bahasha kwa siri.

Aliyewapokea alikuwa meneja, binti mkubwa wa mwanzilishi, mama wa miaka arobaini na kidogo. Alikuwa na macho mekundu na alipiga miayo katikati ya sentensi zake mwenyewe, kisha akaomba radhi, kisha akapiga mwingine. Mdogo wake wa kiume alikuwa mkuu wa mauzo. Huyu hakupiga miayo. Alizungusha funguo za gari kidoleni muda wote.

"Mzee wetu alifariki mwaka juzi," meneja alisema. "Mimi naendesha uzalishaji, mdogo wangu anauza. Hakuna siri."

"Na uamuzi wa mwisho ni wa nani?" Kiulizo aliuliza.

Ndugu wawili wakatazamana. Mkuu wa mauzo akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mwambie, dada. Wakitoka hapa wataambiwa na mlinzi."

Basi meneja akawaeleza. Kila Jumanne na Ijumaa kiwanda kilimaliza kundi moja la magodoro. Mzee, kwa miaka thelathini na moja, alichukua godoro moja la kila kundi, akaingia nalo chumba cha majaribio saa nane mchana, akafunga mlango, akavua viatu, akalala. Saa tisa aliamshwa. Akisema limekubali, kundi linauzwa. Akisema halijaiva, kundi zima linakatwakatwa kuwa mito.

"Na sasa?" Kiulizo aliuliza.

"Sasa tunafuata utaratibu," meneja alisema, akapiga mwayo.

Ijumaa ile wakaonyeshwa. Mama wa vipimo, mkaguzi aliyebeba rula ya chuma kwenye mfuko wa koti kama wengine wanavyobeba simu, aliongoza watu wawili waliobeba godoro jipya. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kina kitanda cha chuma, kiti kimoja na taa ya darini. Slaidi akalipiga picha godoro likiwa bapa kama meza. Akachungulia chini ya kitanda. Akagonga kuta zote nne. Mlango ukafungwa saa nane kamili, na Slaidi mwenyewe akaweka kiti chake mbele ya mlango akakalia.

Saa tisa mama wa vipimo akafungua.

Katikati ya godoro kulikuwa na shimo la mtu. Lilionekana bega, likaonekana paja, yakaonekana magoti yaliyokunjwa. Mtu aliyelala ubavu wa kushoto, ameuelekea ukuta. Sponji nzuri ukiibonyeza inarudi kabla hujauondoa mkono. Ile haikurudi. Mama wa vipimo aligusa penye bega kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa, kisha akasimamisha rula.

"Sentimita sita," alisema, akaandika kwenye daftari. "Limekubali. Linauzwa."

Kiulizo naye akagusa. Palikuwa na joto.

Wakaenda kituo cha basi. "Ni hila," Slaidi alisema. "Kuna uzito unashushwa kutoka darini. Kwa hewa. Kwa sumaku. Sijui."

"Kwa faida ya nani?"

"Usianze maswali yako."

Lakini maswali yalikuwa yameshaanza, na maswali ya Kiulizo yalikuwa kama siafu, ukimtoa mmoja wamebaki mia. Alimrudia mama wa vipimo Jumanne iliyofuata akaomba kuona daftari. Mama yule alilifungua bila ubishi. Wiki za mwanzo baada ya mazishi ziliandikwa tisa, tisa, tisa. Kisha nane. Kisha saba. Mwezi wa karibuni ilikuwa sita na nusu, sita na nusu, sita.

"Anapungua," Kiulizo alisema.

"Anachoka," mama wa vipimo alimsahihisha. "Na huyo aliye ghorofani anachoka pamoja naye. Huoni macho yake? Tangu msiba hajalala, na sizungumzii usingizi wa kubahatisha. Anaweka kichwa kwenye mto na macho yanabaki yamefumbuka."

"Hivi yeye tangu hapo amewahi kuingia humu chumbani?"

"Hata kizingiti hajakanyaga."

Muhula ukaenda. Katika Majadiliano walifundishwa kutotupa bei ya kwanza. Katika Tabia za Wateja walihesabu watu wanaogusa bidhaa kabla ya kusoma lebo. Usiku ulikwisha kwenye Takwimu na mchana ukaanzia hapo hapo, na Kiulizo, kama wanafunzi wote wa muhula wa mwisho, alitembea akiwa amechoka mpaka kwenye kucha. Jambo moja tu lilimkera: hakuna aliyewahi kukaa ndani ya chumba kile saa nane ikipita. Alimwomba meneja ruhusa. Meneja akakataa, lakini alikataa akimtazama kwa muda mrefu kupita kiasi, kama mtu anayepima kitambaa.

Aliyemfungulia mlango ni mkuu wa mauzo, Ijumaa moja dada yake alipokuwa kwa mteja.

"Ingia," alisema. "Kaa kwenye kiti, uone hakuna kitu, uandike kwenye ripoti yako kwamba hakuna kitu. Mimi nataka mashine ya kupima kama viwanda vyote duniani. Siwezi kumwambia mteja kwamba godoro lake limepitishwa na marehemu."

"Na nikiona kitu?"

Funguo zikaacha kuzunguka. "Basi uniambie mimi kwanza," alisema, akafunga mlango.

Kiulizo akakaa, daftari mapajani. Aliandika: *saa nane na dakika tano, hakuna.* Saa nane na robo, hakuna. Ukimya wa mle ulikuwa mzito kuliko wa nje. Alisikia kope zake zikigongana. Saa nane na nusu akaona ukingo wa godoro, upande wa kwake, unashuka polepole, kama mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo anavyokaa kitandani kwa tahadhari. Ukakaa hivyo kidogo. Kisha shimo likasogea katikati, likarefuka, likajikunja magoti. Akasikia pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua mzigo.

Alitaka kusimama. Alitaka kupiga kelele, ingawa alijua kelele mle hazifiki mbali. Badala yake akaingiwa na usingizi. Haukuwa usingizi wake, aliujua wake. Huu ulimjia kutoka miguuni, wa joto, wenye uzito wa mtu, ukampanda magotini, kiunoni, kifuani. Aliandika neno moja zaidi na kalamu ikaanguka.

Alipoamshwa, mama wa vipimo alikuwa amemwinamia, na yeye Kiulizo alikuwa amelala juu ya godoro, ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja, uso umeuelekea ukuta. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa sambamba, kamba zimeingizwa ndani. Kiulizo hakuwahi maishani mwake kufungua kamba za viatu. Siku zote alivivua kwa kuvikanyaga visigino.

"Shuka taratibu," mama wa vipimo alisema. Akasimamisha rula penye shimo. Kiulizo alikuwa na kilo hamsini na mbili akiwa na mkoba. "Tisa," mama yule alisoma. Akasoma tena. "Tisa kamili."

Mkuu wa mauzo alisimama mlangoni. Hakuuliza alichoona. Aligeuka akaenda zake.

Meneja aliporudi, Kiulizo alijiandaa kwa matusi. Lakini mama yule alimshika mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Ulilala vizuri?" aliuliza.

Kiulizo alikuwa ameulizwa maswali mengi maishani mwake, lakini hakuna lililomsimamisha nywele kama lile.

Jumanne iliyofuata alikuwa darasani kwa Majadiliano. Alikuwa ameketi mbele ya Slaidi wakiigiza ununuzi wa jengo, yeye akiwa muuzaji. Slaidi alitoa ofa yake, akasubiri jibu, akaona mwenzake ameegemeza kichwa kwenye mkono. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika chache. Alimtikisa. Hakuamka. Mwalimu alimtikisa. Hakuamka. Ilipofika saa tisa akafumbua macho mwenyewe, na darasa zima lilikuwa limemzunguka.

"Umeniacha niaibike," Kiulizo alimwambia Slaidi huku akijipangusa mate.

Slaidi hakucheka. Tai yake ilikuwa imelegea. "Umezungumza," alisema. "Umesema, 'Halijaiva. Kateni.' Sauti ilikuwa yako, lakini ulizungumza kama mtu anayewaambia watu wake wa siku nyingi."

Kiulizo akapiga simu kiwandani palepale. Mama wa vipimo alipokea kwa mlio wa kwanza. Godoro la siku ile, alisema, lilitoka chumbani bapa kama lilivyoingia, na kundi zima lilikuwa linapelekwa kukatwa.

Ikawa hivyo Ijumaa. Ikawa hivyo Jumanne nyingine. Popote alipokuwa, maktabani, kwenye foleni ya kutoa nakala, saa nane ikigonga usingizi ulimpanda kutoka miguuni, na saa tisa ulimshuka. Siku nyingine zote alikuwa mzima. Dada yake alimpima shinikizo la damu, akampima sukari, akamwangalia kwenye mboni kwa tochi, akasema hana kitu. Lakini Ijumaa ya tatu dada alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akaingia chumbani, akatoka na kusimama katikati ya sebule.

"Nani amelala kitandani kwako?"

"Mimi nililala maktabani leo. Kuna nini?"

Wakaingia pamoja. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama Kiulizo alivyokiacha asubuhi, shuka halina hata mkunjo, na chini ya shuka hilo lililonyooka godoro lilikuwa limebonyea kwa umbo la mtu mpana, mpana mara mbili ya Kiulizo.

Dada mtu hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa, akamkalisha na mdogo wake kando, akamwambia asimulie kuanzia mwanzo, asiruke. Kiulizo akasimulia. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani, na chini mtaani fundi wa vioo alikuwa anakata kioo, kri, kri.

"Mdogo wangu," dada alisema mwishowe, "mimi nimewashika mikono watu wanaokata roho kwa miaka kumi na miwili. Sijui mengi, ila hili nalijua: anayeondoka hapendi kukawia. Mlango ukiwa wazi anapita. Ukiona mtu amekawia, ujue kuna aliyemshika nguo."

"Nani?"

"Wewe ndiye muulizaji. Kaulize."

Alikwenda Jumanne iliyofuata, saa sita mchana, peke yake. Meneja alikuwa mezani kwake ghorofani, kalamu mkononi, macho mekundu vilevile. Alipomwona Kiulizo akasogeza mbele yake karatasi iliyokwisha chapwa. Ilikuwa barua ya ajira. Cheo: Mjaribu.

"Nilitaka usubiri mpaka mahafali," alisema, "lakini kwa kuwa umekuja..."

Katika Majadiliano kulikuwa na somo moja ambalo Kiulizo alilielewa kuliko yote, nalo ni kwamba usimuulize mtu anataka nini, maana atakudanganya bila hata kujua anadanganya. Muulize anaogopa nini. Akaisogeza barua kando.

"Dada," alisema, "unaogopa nini? Kwamba yumo mle chumbani, au kwamba hayumo?"

Meneja alifungua mdomo na badala ya neno ukatoka mwayo, mrefu, wa kuumiza taya. Ulipokwisha, machozi yalikuwa yanamtiririka, na yeye hakuyafuta.

"Alifia mle," alisema. "Hatukuwaambia. Tuliwaambia watu alifia nyumbani. Kazi ya kumwamsha saa tisa ilikuwa yangu tangu nikiwa msichana. Siku ile nilikuwa kwenye simu na mteja. Niliiona saa ikifika tisa. Niliiona kabisa. Nikajisemea, mwache apumzike kidogo, mtu mwenyewe amechoka. Nikaendelea na simu. Nilipofungua ilikuwa saa kumi na dakika ishirini." Alivuta pumzi. "Daktari alisema huenda aliondoka muda uleule alipolala. Huenda. Mimi nasema huenda alikuwa anasubiri mlango ufunguliwe."

"Na sisi wanafunzi? Sisi si wa kwanza kuja, sivyo?"

"Ninyi ni kundi la nne. Nilimwomba mwalimu wenu kila muhula. Nilifikiri atatokea mtu wa nje, asiye na hatia naye, akalala pale kwa niaba yangu. Makundi matatu ya mwanzo hayakuomba kuingia." Akamwangalia. "Nilikukatalia, mwanangu. Lakini siku ile nilimwachia mdogo wangu ufunguo juu ya meza, na namjua mdogo wangu."

Hasira zilimpanda Kiulizo mpaka masikioni. Alikuwa na maneno, tena makali, ya kumtosha mama yule mwaka mzima. Alimtazama akiwa anajipangusa kwa kiganja, rangi ya wino ikimbaki shavuni, na maneno yakamwishia.

"Mimi sitalala tena," alisema tu. "Si leo, si Ijumaa. Kukitokea kulala, utalala wewe. Na mimi nitakaa nje ya mlango."

"Atakuwa amekasirika."

"Basi utamsikia akikasirika. Ni baba yako."

Saa nane kasoro dakika tano godoro la siku ile lilikuwa limeshaingizwa. Meneja alisimama kizingitini kwa muda, mkono ukutani. Mama wa vipimo alimwinamia akamvua viatu yeye mwenyewe, kimoja, kingine, kama anavyovuliwa mtoto aliyesinzia kwenye gari. Kisha meneja akaingia, na mlango ukafungwa.

Kiulizo aliketi kwenye benchi nje. Saa nane ikagonga. Usingizi ukaja kama kawaida yake, kutoka miguuni, wenye joto. Ukapanda vifundoni, ukapanda magotini. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Pale magotini ukasimama. Ulikaa hivyo kama mtu aliyesikia anaitwa chumba cha pili na anataka kuhakikisha. Kisha ukashuka, ukamtoka kwenye nyayo, na miguu yake ikapoa.

Ndani hakukusikika kitu. Kwenye njia ya kati wafanyakazi walikuwa wamesimama, mashine ya kisu imezimwa. Mkuu wa mauzo alikuwa amekuja pia. Hakukaribia, alisimama mbali karibu na mabonge, funguo amezifumbata kiganjani zisilie.

Saa tisa kamili, wala si nukta baadaye, mama wa vipimo alifungua mlango.

Meneja alikuwa amelala kwenye ukingo kabisa wa godoro, pembeni, kwenye nafasi ya upana wa ubao, mdomo wazi, akikoroma. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa imebonyea, shimo refu, bega na paja na magoti, kina kirefu ambacho hata rula isingetosha. Na walipokuwa wanatazama, wote, Kiulizo na mama wa vipimo na wale waliokuja kuchungulia juu ya mabega yao, shimo lile likaanza kupanda. Lilianzia miguuni. Likapanda magoti, likapanda paja, bila haraka, mpaka pale penye bega pakajaa, na godoro likawa bapa. Hakuna aliyethubutu kusogea. Mahali fulani nyuma ya mabonge mtu alisoma dua chini kwa chini.

Hawakuweza kumwamsha meneja. Walimfunika wakamwacha, mlango wazi. Alilala mpaka jioni watu wanafunga kazi, na alipotoka alikuwa na alama ya mshono wa godoro shavuni. Aliomba maji. Akanywa glasi nzima.

"Nilimwambia saa tisa imefika," alisema. "Basi. Sikumwambia kingine."

"Na yeye?" aliuliza mama wa vipimo.

"Alisogea tu. Akanipa nafasi."

Kuanzia siku hiyo magodoro yaliingia chumbani bapa na kutoka bapa. Kiulizo hakusinzia tena saa nane, ila kwa miezi kadhaa alikwepa kuketi karibu na kitanda chochote muda huo. Yeye na Slaidi waliandika ripoti. Slaidi, kwa mara ya kwanza katika masomo yake, alishindwa kutengeneza slaidi. Alisimama mbele ya darasa akasoma kutoka kwenye karatasi. Walipendekeza kwamba godoro moja la kila kundi lilaliwe na mfanyakazi aliyelitengeneza, kwa zamu, na aamshwe kwa wakati. Sehemu ya kumtaja mwenye neno la mwisho waliiandika kwa ukweli, bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Mhadhiri aliisoma mbele yao mpaka mwisho, akafunga kava, akawaangalia mmoja mmoja.

"Miaka tisa nafundisha kozi hii," alisema, na sauti ya redio ilikuwa imeshuka. "Alama zenu mtaziona ubaoni. Hii ripoti nitabaki nayo mimi."

Kiulizo alipotoka jengoni, mkuu wa mauzo alikuwa anamsubiri kwenye geti. Alikuwa amekonda. Alimsalimu, akauliza habari za masomo, akauliza habari za nyumbani, akarudia habari za masomo. Kiulizo akamjibu. Safari hii hakuuliza kitu; alingoja.

"Wewe ulikaa mle," mkuu wa mauzo alisema hatimaye. "Saa nzima. Wiki zote zile ulikuwa naye, kwa namna fulani. Nilikuambia uniambie mimi kwanza, halafu nikakukimbia." Akazibana funguo kiganjani. "Alinitaja?"

Kiulizo angeweza kumpa neno. Lingekuwa neno dogo, na hakuna duniani ambaye angeweza kulipinga.

"Hakutaja mtu," alisema. "Sikusikia jina lolote. Nilisikia akipumua tu."

"Akipumua vipi?"

"Kama mtu aliyetua mzigo."

Mkuu wa mauzo akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu. Akamshukuru, akampa mkono, kisha akavuka barabara na funguo mkononi, ingawa gari lake lilikuwa limeegeshwa upande huu, hatua tatu kutoka pale walipokuwa wamesimama.